Hatua za Fundi Cherehani

Mtaani kwao alijulikana kwa jina la Nukta, na wengi hawakuwa na habari kwamba ana jina jingine. Alikuwa na duka la steshenari pembeni mwa barabara, duka la kuchapa barua, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Wateja wakipungua mchana, ungemkuta ameinamia kompyuta anapanga nukta moja moja, nyekundu hapa, ya kahawia pale, pua karibu iguse kioo. Mteja akiuliza, "Unafanya nini hapo?" anajibiwa, "Natengeneza gemu." Mteja anakitazama kile kimtu cha vinukta chenye ukubwa wa ukucha, anamtazama na mwenyewe na mvi zake, halafu anaomba kopi zake aende zake.

Ilikuwa gemu ya mtindo wa zamani, kama zile zilizochezwa kwenye mashine za kuchomeka kwenye televisheni enzi za ujana wake: rangi chache, milio ya ti-ti-ti, na mtu wa vinukta anayekwenda huku na huko kwenye mtaa wa vinukta. Mtu wake alikuwa mwanamke, fundi cherehani, anayepeleka nguo za wateja nyumba kwa nyumba kabla mvua haijanyesha. Akichelewa, nguo zinalowa na wateja wanamfokea. Basi, ni hivyo tu. Hakuna bunduki, hakuna zimwi. Utauliza ni nani mwenye akili timamu atakayecheza gemu ya kupeleka nguo. Mke wake aliuliza hivyohivyo, na yeye ndiye aliyekuwa fundi cherehani mwenyewe.

Kazi ya namna hiyo inataka watu wawili. Mmoja anachora, na mwingine anaandika programu, yaani ile mistari ya maagizo inayoiambia kompyuta kwamba ukibonyeza hapa huyu aruke, na akigonga pale aanguke. Nukta alikuwa peke yake, kwa hiyo alijigawa. Katika chumba cha mbele cha nyumba yao aliweka viti viwili. Dirishani kwenye mwanga kilikaa kigoda cha kuchorea, na ukutani kilikaa kiti cha ofisi chenye magurudumu, kilichochanika mgongo, cha kuandikia programu. Hakuwahi hata siku moja kuandika programu akiwa kwenye kigoda, wala kuchora akiwa kwenye magurudumu. Aliwapa hata majina hao wawili, Mchoraji na Mhandisi, na walikuwa hawaivi chungu kimoja. Mchoraji anataka nguo za fundi zipepee. Mhandisi anasema hakuna nafasi ya upepo humu. Mhandisi anataka milango yote ya mtaa iwe na upana mmoja ili hesabu zisimsumbue. Mchoraji anasusa, anapoteza wiki nzima akichora paka ambaye hakuna aliyemwagiza.

Msuluhishi alikuwa mke wake. Cherehani chake kilikaa chumba hichohicho, kona ya mlango, na kesi zote alizisikiliza hapo.

"Haya, leo wamegombania nini?"

Nukta anasimama katikati ya chumba, anamtetea Mchoraji kwa mikono na mabega, kisha anavuka upande wa pili anamtetea Mhandisi kwa sauti kavu. Mke anasikiliza, pini mdomoni.

"Upepo upite kwenye kitambaa cha kichwa tu. Nguo zitulie. Kesi imekwisha, nenda kaniletee uzi mweupe."

Na hukumu zake hazikuwa na rufaa.

Sasa, yule fundi wa kwenye gemu alikuwa anachechemea, na hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ili kimtu cha vinukta kionekane kinatembea, unakichora mara kadhaa, kila picha mguu umesogea kidogo, halafu programu inazipitisha picha hizo haraka, ya mwisho ikifika inarudi ya kwanza. Nukta alichora picha sita. Lakini kompyuta huanza kuhesabu kwenye sifuri, na Mhandisi, ambaye alijisifu kwa hesabu kuliko mtu yeyote mtaani, akaiambia iishie kwenye tano bila kuitia ile ya tano yenyewe. Picha ya sita haikuonekana kamwe. Mguu mmoja ukawa unainuka lakini haufiki chini sawasawa, unaburutwa, halafu safari inaanza upya.

Mke ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti na kipande cha kitenge begani.

"Mbona huyu anachechemea?"

"Kosa hilo. Niache dakika moja, ni mstari mmoja tu."

"Thubutu! Umguse uone." Akainama kutazama vizuri, akacheka mpaka akashika ubavu. "Si mimi huyu? Anatembea kama mimi kabisa. Mwache hivyohivyo."

Mke wake alichechemea tangu utotoni. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo, akawa na namna yake ya kutembea, mkono kiunoni, kichwa juu, kama mtu anayekwenda kuchukua zawadi. Kwa hiyo kosa likabaki. Miaka ikapita, mtaa wa vinukta ukapata nyumba, ngazi, madimbwi na yule paka, na vyote vikapimwa kwa mwendo ule. Dimbwi lilikuwa na upana ambao fundi anayechechemea angeweza kuuruka. Mvua ilingoja muda ambao angeutumia yeye.

Halafu mke wake akaugua, ugonjwa wa wiki chache, akafariki.

Nukta hakulia. Alishughulikia kila kitu kama anayepanga karatasi kwenye mashine ya kopi, akawapokea watu, akawapa viti, akawashukuru, akawasindikiza. Wapo waliosema huyo ndiye mwanamume, kajikaza. Wapo waliosema pembeni, na pembeni yenyewe haikuwa mbali sana, kwamba alikuwa hampendi. Wote walipiga porojo tu. Mtu alikuwa amekufa ganzi. Alijua kwamba kuna jambo kubwa limemtokea kama unavyojua kwamba umekalia mguu vibaya: unauona, ni wa kwako, lakini ukiufinya hausemi kitu. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja na mabegi akagawa nguo na viatu vyote kwa ndugu, akamwuliza, "Shemeji, kuna cha kubakiza?" Akajibu, "Hapana, chukueni tu." Alisema kweli. Wakati ule hakuona cha kubakiza.

Alifungua duka. Jioni alirudi kwenye gemu, lakini kwenye kiti kimoja tu. Mhandisi aliendelea na kazi kama saa ya ukutani, kwa sababu programu haikuulizi unajisikiaje. Ukikosea inakataa, ukipatia inakubali. Mchoraji hakuonekana tena. Kigoda cha dirishani kikarundikwa nguo zilizofuliwa, mwanzoni mbili tatu, baadaye mlima. Nyumbani walikuwa wamebaki yeye na binti yake, ambaye alikuwa msusi kwenye saluni ya mtaa wa tatu, na binti naye alikuwa akiupita ule mlima kila siku bila kuugusa. Hawakugombana. Walisalimiana, wakala, wakaosha vyombo. Binti alikuwa na hasira na baba yake, na baba alijua, ila hata hilo alilijua kwa mbali.

Gemu ikakamilika hivyohivyo, kimyakimya. Kampuni moja inayouza gemu ndogo kwenye mtandao ikaipenda, ikaahidi kuitoa. Mkaguzi wao, dada mwenye sauti ya upole, akampigia simu dukani.

"Kaka, hongera, tumeipenda mno. Kuna jambo moja tu limetukwamisha. Yule fundi anachechemea."

"Ndiyo."

"Ni kwa makusudi?"

"Sasa hivi ni makusudi."

"Sawa, hatuna shida na hilo. Shida ni kwamba akienda kulia anachechemea mguu wa kulia. Akigeuka kwenda kushoto, anachechemea wa kushoto. Wachezaji wetu wa majaribio wote wameona ni kosa la programu."

Na alikuwa anasema haki. Kwenye gemu za namna hii hakuna anayejisumbua kuchora mtu mara mbili. Unamchora anaelekea kulia, akitaka kwenda kushoto programu inaigeuza tu picha, kama unavyogeuza khanga. Picha ikigeuka, mguu nao unageuka. Nukta alikuwa ameitazama gemu ile miaka yote na hakuliona hilo.

"Kwa hiyo chagua, kaka," dada akasema. "Ama atembee vizuri, ama achechemee mguu mmoja, huohuo, kila aendako. Hivi alivyo hatuwezi kumtoa. Tunakuomba umalize kabla ya mwisho wa mwezi."

Kumtembeza vizuri ilikuwa kazi ya Mhandisi, ya kubadilisha tarakimu moja tu, na kuongeza madimbwi upana. Kumchechemesha mguu mmoja ilikuwa kazi ya Mchoraji: picha mpya za upande mmoja, kwa mkono, nukta kwa nukta. Nukta hakuumiza kichwa. Jioni ile alikaa kwenye magurudumu, akabadilisha ile tarakimu. Fundi akanyooka. Picha ya sita, ambayo haikuwahi kuonekana, ikaonekana, mguu ukatua chini vizuri, na mwanamke wa vinukta akapita mtaani mwake kama askari. Nukta alimtazama akienda na kurudi. Alingoja kuumia. Hakuumia, na hilo likamtisha kidogo, hofu ndogo tu, kama ya mtu aliyesahau kama amefunga mlango.

Binti akarudi kutoka saluni, akavua viatu, akasimama nyuma ya kiti.

"Huyu nani?"

"Ni fundi."

"Siyo." Akasogea karibu. "Umemfanya nini?"

Nukta akaeleza habari za simu, mguu unaobadilika, mwisho wa mwezi. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyowaelekeza wateja namna ya kujaza fomu. Binti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nguo zake uliwapa," akasema. "Viatu uliwapa. Cherehani kimefunikwa shuka kama maiti. Baba, hiki ndicho kitu pekee cha mama ambacho bado kinatembea. Na wewe unakitoa kwa sababu ni rahisi?"

Hakupaza sauti. Alichukua taulo lake akaenda kuoga.

Nukta akabaki amekaa. Baadaye akarudisha tarakimu ya zamani, na fundi akarudi kuchechemea. Hakufanya hivyo kwa sababu moyo ulimwamka, tusimsingizie. Alifanya kwa sababu aliona binti yake ana haki, na mtu anaweza kuona haki hata akiwa na ganzi. Ila sasa kulikuwa hakuna njia ya mkato. Lazima achore, na asipochora, fundi hatatoka, au atatoka akiwa mtu mwingine.

Asubuhi ya siku ya mapumziko ya binti yake, Nukta aliuhamisha ule mlima wa nguo kitandani, akafuta vumbi kwenye kigoda, akakaa. Mwanga ulikuwa mzuri. Akakunja mikono ya shati, akaweka karatasi ya miraba magotini, maana alizoea kuchora kwanza kwa penseli, kisha ndiyo ahamishie kwenye kompyuta. Aliogopa kwamba mkono umesahau, lakini mkono haukusahau kitu. Kichwa kikatoka, kitambaa kikatoka, mzigo wa nguo ukatoka. Akashuka kwenye miguu, akasimama.

Mguu upi?

Kama ulikuwa wa kulia, basi picha za zamani za kwenda kulia ziko sawa, achore za kwenda kushoto. Kama ulikuwa wa kushoto, ni kinyume chake. Alifumba macho amwone mke wake anatembea. Alimwona yule wa vinukta. Akiwa anakwenda kulia, mguu wa kulia. Akigeuka, wa kushoto. Akajaribu kumwondoa yule na kumleta mwenye mwili, akitoka jikoni, akivuka uwanja wa nyumba, akija dukani na chakula chake cha mchana. Alikuja, mkono kiunoni na kichwa juu, na kuanzia magotini kushuka chini alikuwa ni nukta tupu.

Akaweka penseli chini, akatoa simu, akafungua picha. Kwenye picha watu husimama. Kwenye video mke wake alikuwa amekaa kila wakati, kwa sababu hakupenda kurekodiwa akitembea. Akainuka akafunua cherehani, akatazama pedeli, pedeli imelika katikati. Viatu vingesema, kiatu kimoja lazima kilikuwa kimelika zaidi, lakini viatu alikuwa amevitoa mwenyewe kwa mdomo wake. Aliwaza kwenda kuuliza kwa jirani. Utaanzaje? Hodi, samahani, nimeishi na mke wangu miaka yote hii, hivi alikuwa anachechemea mguu gani? Aibu ikampanda mpaka masikioni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kwamba kitu fulani kinampanda popote.

Binti alikuwa chumba hichohicho, amekaa sakafuni mbele ya kioo, anafumua nywele zake mwenyewe. Alikuwa amemwona baba yake akitoa nguo kwenye kigoda, na hakuwa ameondoka chumbani tangu hapo.

"Mwanangu."

"Abee."

"Mama yako alikuwa anachechemea mguu upi?"

Vidole vya binti vikasimama kwenye nywele.

"Unanitania, baba."

"Sitanii."

"Hujui?"

"Nikimkumbuka nauona wa huyu wa kwenye gemu, na wa huyu unabadilika. Nimetafuta kwenye picha, hakuna. Sijui, mwanangu. Nimejaribu, sijui."

Alitegemea ghadhabu, na kweli aliiona inakuja, kwenye uso wa binti ndani ya kioo. Lakini binti alisukuma kitana pembeni, akainuka, nywele upande mmoja zimefumuliwa na upande mwingine bado, akaenda mpaka mlangoni. Hapo akapandisha kichwa, akaweka mkono kiunoni, akatembea.

Utotoni alichapwa kwa kumwigiza mama yake hivyo. Alikuwa bado hajasahau hata kidogo. Alivuka chumba kutoka mlangoni mpaka dirishani, na aliyepita mbele ya Nukta hakuwa msusi wa saluni ya mtaa wa tatu. Bega lilishuka kidogo, mguu ukachelewa, ukaburutwa, ukatua. Tena. Tena.

"Wa kushoto," Nukta akasema taratibu.

"Wa kushoto."

"Hebu geuka, urudi."

Binti akageuka, akarudi mpaka mlangoni. Ulikuwa wa kushoto uleule.

Nukta akashika penseli, halafu akaiacha. Alitaka kuwa na uhakika, alitaka kitu cha kwake mwenyewe cha kushikilia, asiazime kila kitu kwa mtoto.

"Tukitoka pamoja barabarani, nilikuwa namshika mkono upi? Nikikumbuka hilo nitaona mwenyewe. Kama mguu ulikuwa wa kushoto, lazima nilikuwa upande ule, nimemtegemeza."

Binti alipojibu hakuwa na ukali, alisema kama anavyomwambia mteja kwamba nywele zake ni fupi, mtindo ule hautawezekana.

"Hukuwa unamshika, baba. Ulikuwa unatangulia."

"Nilikuwa natangulia?"

"Siku zote. Ulikuwa unatungoja kwenye kona. Mimi na mama tunakuja nyuma, yeye ananiambia twende taratibu tu, baba yako anawaza gemu yake."

Sasa Nukta aliona vizuri. Aliiona barabara, kona zake zote, ukuta wa kuegemea huku akihesabu kichwani, na yeye mwenyewe akigeuka kutazama kama wanakuja, na walikuwa wanakuja, lakini kwa mbali. Akageuka tena akaendelea na safari. Alikuwa ameupima mtaa mzima wa vinukta kwa mwendo wa mke wake, dimbwi kwa dimbwi, ngazi kwa ngazi, na barabarani hakuwahi kwenda naye mwendo mmoja. Ikamuuma. Ikamuuma hapohapo, kifuani, bila kungojea, mpaka akashika ukingo wa dirisha.

"Tembea tena," akasema.

"Baba, si umeshaona."

"Tembea tena, mama. Nakuomba."

Binti akaweka mkono kiunoni, akapandisha kichwa, akaanza tena kutoka mlangoni. Nukta hakukaa kwenye kigoda. Alimfuata kwa nyuma, polepole, akizipunguza hatua zake ili asimpite, na walipofika dirishani alikuwa analia kwa sauti, na binti yake hakugeuka mpaka baba alipomaliza.